Mkulima na Goti Linalouma: Kazi kwa Kipimo

Somo la mwezi huu si la mbegu wala la ng'ombe. Ni la goti. Kazi zote za shamba hupita juu ya magoti: kuchuchumaa wakati wa kukama, kuinama wakati wa kupalilia, kushuka bondeni kuteka maji na kupanda tena na mzigo mgongoni. Goti likiuma, shamba nalo hurudi nyuma.

Mpango wa Eka Milioni Moja ulianza mwaka 1962, na watu wakapewa mashamba huko Kinangop, Ol Kalou, Lugari na penginepo. Wale waliopokea mashamba siku zile sasa ni wazee sana, na wengi wamekwisha fariki. Watoto wao, ambao leo ndio wenye kushika jembe, wengi wamefika miaka 50 na 60. Huo ndio umri ambao goti la mtu wa kazi nzito huanza kulalamika, na wanawake huumwa zaidi kuliko wanaume.

Mkulima mwenye goti linalouma kwa kawaida hufanya moja katika mambo mawili. Mkulima wa kwanza huketi. Husema, "Goti langu limekwisha," huacha kazi zote, na baada ya miezi michache hawezi hata kufika zizini. Mkulima wa pili hununua vidonge dukani, humeza, kisha hufanya kazi kama kijana wa miaka 20 mpaka dawa imwishie mwilini. Wote wawili huharibu goti lao, kila mmoja kwa njia yake. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo habari ya somo hili: goti linalouma lapaswa kupewa kazi, lakini kwa kipimo.

GOTI LIMEUNDWA NAMNA GANI?

Mifupa mitatu hukutana gotini. Juu upo mfupa wa paja, chini upo mfupa wa muundi, na mbele ipo pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mviringo unaochezacheza ukiugusa mguu ukiwa umelegea. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu. Wewe umekwisha kuliona gegedu mara nyingi: ni ile ngozi nyeupe, laini na yenye kuteleza, iliyoko mwishoni mwa mfupa wa mbuzi ukiuvunja penye kiungo. Ndani ya kiungo mna ute mzito kidogo unaolainisha, kama grisi katika ekseli ya mkokoteni.

Sasa fikiri juu ya nguzo ya kona katika ua wa seng'enge. Nguzo hiyo husimama wima kwa sababu imefungwa kwa waya na kutegemezwa pande zote. Waya zikilegea, nguzo huyumba, na tundu lake hupanuka kila siku. Goti pia lina vitu vya kulishika: kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli ya paja iliyo mikubwa na yenye nguvu. Misuli ikiwa imara, goti halitikisiki ovyo, na uzito hupokewa na misuli kabla ya kufika mfupani. Misuli ikidhoofika, mfupa na gegedu hubeba mzigo peke yao.

KWA NINI GOTI HUUMA?

Maumivu ya goti yana sababu nyingi, lakini kwa watu waliopita miaka 45 sababu kubwa ni kuchakaa kwa gegedu. Watu wengi huita ugonjwa huu baridi yabisi, na hospitalini huitwa athraitisi ya kuchakaa. Gegedu hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika, na ngozi ya ndani ya kiungo huvimba mara kwa mara. Wanaopatwa zaidi ni wale waliopiga magoti, kuchuchumaa na kuinua mizigo mizito kwa miaka mingi. Wale waliowahi kuumia goti. Wale wenye uzito mkubwa wa mwili. Na wale ambao wazazi wao walikuwa nao.

Wengi husema kwamba baridi ya nyanda za juu ndiyo inayokula goti. Si hivyo. Siku ya baridi mtu aweza kusikia maumivu zaidi, lakini gegedu halichakai kwa sababu ya baridi.

Ugonjwa huu una dalili zake. Goti huuma wakati wa kazi na hutulia kwa mapumziko. Asubuhi hukakamaa, lakini baada ya dakika chache, kwa kawaida chini ya nusu saa, hulegea. Kushuka kilima huuma kuliko kupanda. Pengine goti hulia kwa mlio mdogo. Mlio peke yake bila maumivu wala uvimbe usikutishe.

Tena lazima ujue jambo hili: picha ya eksirei na maumivu havilingani sikuzote. Wako watu ambao picha zao zaonyesha gegedu limepungua sana, nao hufanya kazi bila shida kubwa. Wako wengine ambao picha yaonyesha uchakavu kidogo, nao waumwa sana. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Goti lako limechakaa," asidhani ameambiwa kwamba kazi imekwisha.

KWA NINI KUKETI TU SI DAWA?

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulipata kutoka katika ute ulio ndani ya kiungo. Unapokanyaga, gegedu hubanwa kidogo kama sponji. Unapoinua mguu, hufura tena na kunywa ute. Mwendo ndio unaolilisha. Mtu akiketi miezi mingi bila kusogea, gegedu lake hukosa malisho.

Jambo la pili ni misuli. Goti likiuma, msuli wa mbele wa paja huanza kulegea na kupungua. Wala usiamini kwa maneno tu, pima mwenyewe. Chukua uzi. Simama, weka kiganja juu ya pia ya goti, kisha zungusha uzi kwenye paja penye ukingo wa juu wa kiganja. Fanya vivyo hivyo katika mguu wa pili, mahali palepale. Watu wengi wenye goti moja linalouma wataona kwamba paja la upande ule ni jembamba zaidi. Ndiyo ile waya ya ua iliyolegea.

LAKINI KWANZA HAKIKISHA NI UGONJWA GANI

Kabla ya kufuata mashauri ya somo hili, soma dalili hizi. Ukiwa na moja tu, nenda kwenye kituo cha afya:

1. Goti limevimba ghafula, ni moto na jekundu, nawe una homa. Hii yaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Nenda siku ileile, maana usaha huweza kuharibu kiungo kwa siku chache.

2. Umeanguka au umepigwa na ng'ombe, na sasa huwezi kuukanyaga mguu, au goti limekaa upande.

3. Goti hujifunga, halikunjuki wala halikunjiki.

4. Goti huuma usiku kucha hata ukiwa umelala, au umekonda bila sababu.

5. Viungo vingi huuma na kuvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa moja au zaidi.

6. Ndama wa mguu, yaani ile nyama ya nyuma chini ya goti, imevimba upande mmoja na inauma. Hii pia ni ya siku ileile. Ukiona na kifua kinabana au pumzi inakatika, usingoje hata saa moja.

7. Mtoto anachechemea au anakataa kukanyaga.

Wafugaji wana sababu moja zaidi ya kuangalia. Uko ugonjwa uitwao bruselosi, ambao hutoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na mimba iliyotoka bila kuvaa glavu. Dalili zake ni homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo, magoti yakiwamo. Ugonjwa huu hautibiwi kwa mazoezi. Unatibiwa kwa dawa za hospitali zinazotumiwa kwa wiki kadhaa. Basi chemsha maziwa, na goti likiuma pamoja na homa za kurudiarudia, mwambie tabibu kwamba wewe ni mfugaji.

MAZOEZI MATANO

Ikiwa huna dalili hizo, anza mazoezi haya. Hayahitaji chombo chochote ila kiti, nguo kuukuu na nguzo ya kushikilia.

La kwanza. Keti kitandani au juu ya mkeka, mguu umenyooka. Weka nguo iliyokunjwa chini ya goti. Kaza paja ukilisukuma goti chini juu ya nguo. Hesabu polepole hadi 5, kisha legeza. Fanya mara 10 kila mguu.

La pili. Keti kitini. Nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, hesabu hadi 5, kisha ushushe polepole. Mara 10 kila mguu.

La tatu. Keti kwenye kiti kigumu. Inuka usimame wima, kisha keti tena polepole bila kujitupa. Anza na mara 5, na baada ya wiki mbili fanya mara 10. Kama kiti ni cha chini mno, tafuta kirefu zaidi, au jisaidie kwa mikono.

La nne. Simama ukishika nguzo. Inua visigino vyote viwili, hesabu hadi 3, ushuke polepole. Mara 10.

La tano. Tembea mahali palipo tambarare, bila mzigo, kwa dakika 10. Fanya hivyo siku 5 katika wiki. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3 mpaka ufike dakika 30.

Fanya yale manne ya kwanza siku moja na kuacha siku moja. Usingoje muujiza wa wiki moja. Faida huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, kama vile mahindi hayavunwi siku yalipopandwa.

Mtu ataniuliza: "Mimi hutembea shambani kutwa nzima. Mazoezi ya nini tena?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hili. Kazi ya shamba haina kipimo. Siku ya kupanda viazi goti hufanya kazi kupita nguvu zake. Siku ya mvua halifanyi kitu. Tena, mtu mwenye goti moja linalouma huuegemea mguu mzima bila kujua, na ule mguu mgonjwa huzidi kudhoofika katikati ya kazi nyingi. Mazoezi huupa mguu ule kazi yake, kidogo kidogo, mpaka urudishe nguvu.

KIPIMO CHA MAUMIVU

Wengi huacha mazoezi kwa sababu goti huuma kidogo siku za kwanza. Maumivu kidogo si alama ya kuharibika. Tumia kipimo hiki. Sema 0 ni kutoumwa kabisa, na 10 ni maumivu makali kuliko yote uliyopata kuyajua. Wakati wa zoezi au kazi, maumivu yasizidi 5. Kisha angalia asubuhi ya pili. Kama goti limerudi katika hali yake ya kawaida, kipimo cha jana kilikuwa sawa, endelea. Kama limevimba au lauma kuliko jana, kipimo kilizidi. Punguza nusu, lakini usiache. Kipimo hiki hufaa kwa mazoezi, kwa kupalilia, na kwa kazi zote.

HESABU YA MIZIGO

Mtu anapotembea mahali tambarare, kila hatua goti hupokea kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli nayo hulibana goti ili lisianguke. Mtu wa kilo 70, basi, huliwekea goti lake kama kilo 175 kila hatua. Anaposhuka ngazi au mteremko mkali, huwa zaidi ya mara tatu.

Sasa mpe mtu huyo mtungi wa maji wa lita 20. Maji lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo amebeba kilo 20. Goti halipokei kilo 20, bali kama kilo 50 za ziada katika kila hatua. Kama mto uko mita 400 kutoka nyumbani, na hatua yake ni nusu mita, hupanda kwa hatua 800 na mzigo huo, yaani hatua 400 kwa kila goti. Hiyo ni safari moja tu.

Hesabu hiyohiyo yafaa kwa mwili. Mtu mnene akipunguza kilo 5, huliondolea goti lake kilo 12 na zaidi katika kila hatua, mchana na usiku. Lakini mkulima ambaye ni mwembamba asijinyime chakula. Shauri hili si lake. Yeye ale maharagwe, mayai na maziwa yaliyochemshwa ili misuli ipate nguvu.

KUBADILI KAZI ZA KILA SIKU

Kukama. Usichuchumae. Tumia kigoda kilicho imara, kirefu cha kutosha ili nyonga zako ziwe juu kidogo kuliko magoti. Kabla ya kutoka kitandani saa kumi na moja alfajiri, kunja na kukunjua goti mara 20, ndipo usimame. Goti lililokakamaa likipelekwa zizini moja kwa moja penye matope, huteleza.

Kupalilia. Usifanye kazi moja ya kuinama kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Fanya nusu saa ya kupalilia, kisha nusu saa ya kazi nyingine: kukata majani ya ng'ombe ukiwa umesimama, kuchagua mbegu ukiwa umeketi, kisha urudi. Palipo lazima kupiga magoti, weka gunia lililokunjwa mara nne. Mpini wa jembe uwe mrefu, ili mgongo na magoti visikunjike mno.

Mizigo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 husema gunia lisizidi kilo 50. Mwenye goti linalouma asiinue hata hilo peke yake. Watu wawili waliinue, au lipakiwe kwenye wilbaro au mkokoteni wa punda.

Maji. Njia bora ya kuondoa mtungi mgongoni ni kuyaleta maji nyumbani. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina paa la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 tu ikinyesha juu yake huleta lita 480. Toa yale yanayomwagika, zitabaki kama lita 400. Hiyo ni mitungi 20 ya lita 20, ambayo hakuna aliyeibeba. Mifereji ya mabati na tangi ni gharama, lakini ulinganishe na gharama ya goti.

Choo. Kuchuchumaa juu ya choo cha shimo ni mateso makubwa kwa mwenye goti bovu, na wengi huona haya kulisema. Fundi wa mbao aweza kutengeneza sanduku imara lenye tundu, la kuwekwa juu ya shimo, mtu akaketi. Hata ukutani, kipande cha mti kilichopigiliwa vizuri cha kushikilia wakati wa kuinuka ni msaada mkubwa.

Viatu. Vaa viatu vya kisigino kifupi, vyenye soli laini isiyoteleza. Buti za mpira zikishika matope huwa nzito. Zikwangue kabla ya kupanda kilima.

Mkongojo. Wanaume wengi huona haya kushika mkongojo, lakini hawaoni haya kushika fimbo ya kuchungia. Basi ushike kama fimbo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mkongojo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kama goti la kulia ndilo linalouma, shika mkongojo kwa mkono wa kushoto, uende mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake upimwe hivi: vaa viatu, simama wima, acha mkono uning'inie, kichwa cha mkongojo kifike penye kifundo cha mkono. Ukipanda ngazi au kilima, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza mguu mgonjwa pamoja na mkongojo.

HABARI ZA DAWA

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu na kukamuliwa, kikiwekwa gotini kwa dakika 15, hulegeza goti lililokakamaa. Goti likivimba baada ya kazi, kitambaa cha maji baridi ndicho kifaacho. Angalia maji yasichome ngozi.

Dawa ya kupaka ya diklofenaki husaidia watu wengi, nayo haiingii sana katika damu. Ianze hiyo kabla ya vidonge. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni huondoa maumivu, lakini vikimezwa kila siku bila ushauri vyaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, wasivimeze mpaka waulize. Usimeze aina mbili za jamii hiyo pamoja. Ukiona choo cheusi kama lami, acha vidonge na uende hospitali mara moja.

Tena dawa hizi humfanya mtu asisikie goti lake. Kumeza ili uweze kubeba gunia ni sawa na kumziba ng'ombe mdomo ili usisikie njaa yake.

Jihadhari na unga au vidonge visivyo na maandishi vinavyouzwa sokoni, ambavyo muuzaji hudai vitamaliza maumivu kwa siku mbili. Dawa za namna hiyo mara nyingine huchanganywa kwa siri na steroidi. Maumivu huondoka kweli, lakini baada ya miezi uso hufura, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika. Na mtu akiacha ghafula aweza kuugua vibaya. Kama umekwisha tumia dawa ya namna hiyo kwa muda mrefu, usiiache peke yako. Ichukue uende nayo hospitali. Wala usikubali kudungwa sindano ya goti dukani. Sindano hiyo hutolewa na mtu aliyefundishwa, kwa usafi mkubwa, la sivyo huingiza usaha ndani ya kiungo.

Katika hospitali kubwa za kaunti wako wataalamu wa mazoezi ya viungo. Omba uandikiwe barua ya kwenda kwao. Goti likiwa limeharibika sana na njia zote zimeshindwa, madaktari bingwa waweza kuliondoa na kuweka la bandia. Hata hapo, mtu aliyeimarisha misuli yake kabla ya kupasuliwa huwa na nguvu zaidi ya kuanzia.

MFANO WA BOMA MOJA

Tuseme yuko mama wa miaka 58, mwenye shamba la eka 5, ng'ombe 2 wa gredi, na eka 1 ya viazi. Goti la kulia lamuuma tangu mwaka jana. Amepimwa, akaambiwa ni gegedu. Kila siku hubeba mitungi 4 ya maji, hupalilia saa tano mfululizo, na jioni humeza vidonge. Amekwisha anza kusema kwamba atauza ng'ombe mmoja. Afanye nini?

Wiki ya kwanza: aanze mazoezi, apate kigoda cha kukamia, na agawe kupalilia kwa nusu saa nusu saa. Wiki ya pili: maji. Hapa mazoezi yake peke yake hayatoshi. Mume wake na vijana wake hawana budi kuingia. Mitungi 2 ibebwe kwa wilbaro na kijana kabla ya kwenda kazini, na mitungi 2 na baba jioni. Mama asibebe zaidi ya lita 5 kwa sasa. Wiki ya nne: sanduku la choo na kishikio. Mvua zikikaribia: mfereji mmoja wa mabati na pipa, hata kama tangi litangoja mavuno.

Boma hilo huenda lisihitaji kumuuza ng'ombe. Lakini lisipobadili lolote, mama atauza ng'ombe, na goti litaendelea kuuma hata zizi likiwa tupu.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa watu wa nyumbani. Maumivu ya goti hayaonekani. Mama akisema hawezi kushuka mtoni, msimwite mvivu. Na Mzee akikataa kuinua gunia, msimcheke. Wala msimwondolee kazi zote na kumweka kivulini kama mgeni. Mpeni kazi inayolingana na goti lake, nanyi mwongezee kadiri anavyopata nguvu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gegedu hupata chakula chake kwa njia gani?
2. Mtungi wa lita 10 huliongezea goti kama kilo ngapi katika kila hatua?
3. Goti la kushoto likiuma, mkongojo hushikwa kwa mkono gani?
4. Taja dalili mbili ambazo ni lazima mtu aende kituo cha afya siku ileile.
5. Asubuhi goti lako limevimba baada ya mazoezi ya jana. Utaacha, utapunguza, au utaongeza?
6. Pima paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 10 italeta lita ngapi?

Majibu yote yamo ndani ya somo, ila la 6, ambalo kila mtu atalipata kwa kupima nyumbani kwake. Anayejua kusoma amsomee jirani ambaye macho yake yamechoka.